Kaka Masanja, Kapime Ini

Milepa, Bonde la Ziwa Rukwa

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, siyo umelala. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ukienda shambani unarudi jua halijapanda, unajilaza, na chakula unakisogeza pembeni. Unaendeleaje sasa? Yale maumivu chini ya mbavu yamepungua? Watoto wanasemaje, na mvua zenu ziliishaje huko Kwimba? Sisi huku tupo. Shemeji yako Shija mzima, watoto watatu wazima, mpunga tumeshavuna na umekauka vizuri. Baridi ya huko juu Ufipa imeanza, na hata sisi wa bondeni asubuhi tunajifunika kanga mbili.

Ninaandika kwa sababu simu imetushinda. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nilipotaja jina la Shangazi Minza ulikata. Sikulaumu. Najua jina hilo lina nini ndani yako. Lakini nina jambo ambalo lazima ulisikie mpaka mwisho, na nimeona karatasi itanisaidia kuliko simu. Anayekuletea ni mwalimu wa shule yetu, anakwenda likizo kwao Magu. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote, akutafute mpaka akuone.

Naomba nianze na mimi, halafu nitafika kwako.

Ilianza wakati wa palizi. Nikawa nachoka kaka, lakini siyo uchovu wa jembe, maana huo naujua. Nilikuwa naamka asubuhi nimechoka kabla sijafanya chochote. Chakula kinanukia vibaya. Mwili unawasha. Nikaenda zahanati, wakapima malaria, hakuna. Wakanipa dawa za taifodi, nikamaliza, hakuna kilichobadilika. Nikaanza kununua panadol dukani, nameza mbili asubuhi, mbili mchana, tatu usiku, wiki baada ya wiki. Halafu siku ya mnada wa Muze jirani akaniletea mizizi ya kuchemsha, akasema inasafisha damu. Nikanywa kikombe kizima kila siku. Ni chungu mno, nikajiambia dawa chungu hivi lazima inafanya kazi.

Nyumbani maneno yakaanza. Mama mkwe, unamjua, hana ubaya lakini mdomo wake hautulii. Akamwambia Shija, "Mke wako macho yamebadilika rangi. Anavyochelewa kisimani na wale akina mama, umeshawahi kuuliza wanakunywa nini huko?" Mimi, kaka! Mimi ninayeimba kwaya, ambaye hata togwa lililochacha silinywi. Shija hakuniuliza. Ila nilimwona akininusa nikipita. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa.

Siku niliyoanguka shambani na ndoo kichwani ndipo akasema, "Basi. Tunapanda Sumbawanga." Tulidandia lori la mpunga. Ile barabara ya kupanda mlima kutoka bondeni unaijua, ulipokuja kutuona ulifumba macho tangu kona ya kwanza. Nilitapika njia nzima, mpaka dereva akawa anasimamisha lori bila kuombwa. Huko juu tulifikia kwa Mama Rukia, mke wa mfanyabiashara anayenunua mpunga wetu. Wana duka mjini na nyumba iko nyuma ya duka. Alinipa kitanda cha binti yake na blanketi mbili, akasema, "Hapa ni kwenu mpaka upone. Na usiniambie habari za kulala hospitali kwenye benchi."

Hospitali alitupokea daktari wa kike, bado kijana, Mfipa wa hapo hapo. Aliniangalia macho, akanibonyeza tumbo upande wa kulia, akaandika vipimo vingi vya damu. Kesho yake tukarudi. Alikuwa na karatasi mkononi, akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mama, vimeng'enya vya ini lako viko juu. Vimepanda mara kadhaa ya inavyotakiwa."

Shija akauliza, "Vimeng'enya ndiyo ugonjwa gani?"

"Siyo ugonjwa, baba. Ni vitu ambavyo kila mtu anavyo. Vinakaa ndani ya ini vikifanya kazi yake. Ini likiumia, vinavuja kuingia kwenye damu, na sisi tunaviona kwenye kipimo. Kwa hiyo karatasi hii inaniambia kuna kitu kinaliumiza ini la mama. Hainiambii ni kitu gani. Hicho tutakitafuta pamoja."

Shija akakohoa, akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu Milepa. "Ni pombe?"

"Inaweza kuwa pombe. Mama, unakunywa?"

"Sijawahi kuonja," nikasema, na machozi yakanitoka kabla sijayazuia.

Daktari akamgeukia Shija. "Namwamini. Na wewe mwamini, kwa sababu hata mtu ambaye hajagusa pombe maisha yake yote anaweza kupata karatasi kama hii. Sababu ni nyingi."

Akaanza kuniuliza, moja baada ya nyingine, bila haraka. Panadol nameza ngapi kwa siku? Nilipomtajia alitikisa kichwa, akasema panadol ni dawa nzuri, lakini ukizidisha, na hasa kama huli vizuri, inaweza kuliumiza ini vibaya. Dawa za miti je? Nikatoa chupa ya mizizi kwenye mkoba, maana nilikuwa nimeibeba. Akainusa, akasema, "Sijui ni mti gani, na wewe hujui. Kuna miti inayodhuru ini. Hii iache leo." Nimewahi kutumia dawa za kifua kikuu? Hapana. Tunakunywa maziwa mabichi? Ndiyo, sisi wafugaji. Mahindi tunahifadhi wapi? Nikamweleza kwamba mwaka huu mvua iliingia ghalani, mahindi yakaota ukungu, nikayachambua na kuyasaga ya uji kwa sababu niliona ni dhambi kuyatupa. Hapo alisimamisha kalamu. Alisema ule ukungu una sumu ambayo hata ukipika haitoki, na inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Mpaka kazi nzito aliuliza. Kumbe mtu akitoka kubeba magunia, misuli nayo inaweza kupandisha kimoja cha vile vimeng'enya, ukadhani ni ini.

Jioni nilipomsimulia Mama Rukia, alishika kiuno. Yeye ni mnene, na ana sukari. "Na unene je? Hakusema unene?" Nikamwambia alisema, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini la mtu mnene au mwenye sukari. Mama Rukia akamwita mumewe dukani: "Baba Rukia! Kesho mimi na Kabula tunakwenda wote!" Na kweli alikwenda. Tulicheka siku ile, kaka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Lakini daktari alikuwa amebakiza kipimo kimoja. Alitaka kujua kama nina kirusi cha homa ya ini. Majibu yalipotoka alifunga mlango kwanza.

"Una homa ya ini B," akasema. "Ni kirusi. Kinakaa kwenye damu, na taratibu kinakula ini. Panadol na mizizi na ule uji wa ukungu huenda vimekiongezea nguvu ini likazidiwa, lakini mwenye nyumba ni huyu."

Shija alisimama. Sauti yake ilibadilika. "Kinaambukizwa vipi?"

"Kwa damu. Wembe mmoja kwa watu wengi. Na kwa mume na mke, kama UKIMWI."

"Umeipata wapi?" Shija akaniuliza. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, na nikaona ndoa yangu ya miaka kumi na mitatu imesimama pale kwenye kile chumba inasubiri jibu nisilokuwa nalo.

Daktari akamwambia, "Kaa, baba. Sijamaliza. Watu wengi wenye kirusi hiki hawakukipata ukubwani. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili wake unakishinda. Anayebaki nacho miaka yote mara nyingi alikipata akiwa mchanga, kutoka kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au akicheza na kujikwaruza na ndugu zake. Anakaa nacho miaka ishirini, thelathini, hajui." Kisha akanigeukia. "Mama yako mzazi yuko hai?"

"Alifariki."

"Aliumwa nini?"

Kaka, nilifungua mdomo nikaona siwezi kusema lile neno tulilozoea kusema, kwamba alirogwa. Nikamweleza tu nilichokiona. Kwamba alikonda mikono na miguu huku tumbo likijaa mpaka kanga haifungi. Kwamba macho yalikuwa ya njano kama embe lililoiva. Kwamba mwishoni alikuwa anachanganya maneno, ananiita kwa jina la marehemu bibi, na akatapika damu. Na kwamba alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole sana. Sikumwona mama yako, kwa hiyo siwezi kuapa alikufa kwa nini. Lakini unachonieleza ni ini. Ndivyo ini linavyokuwa likichoka kabisa. Nimewaona wengi wakiondoka hivyo hivyo." Halafu akauliza, "Mko wangapi kwa mama huyo?"

"Wawili. Mimi na kaka yangu."

"Kaka yako apimwe. Asisubiri kuumwa."

Nikawaza vile wifi alivyonieleza: unachoka, umekonda, unaumwa chini ya mbavu upande wa kulia. Na kwamba umekwenda kwa mganga, akakuchanja, akakupa mizizi, akakwambia ni mkono ule ule uliomchukua mama, mwanamke wa upande wa baba.

Masanja, tusome hapa polepole wewe na mimi.

Mama alipokuwa mgonjwa ni nani alikuwa anamwogesha? Ni nani alifua zile nguo zilizotapikiwa? Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa naogopa kuingia mle ndani. Wewe ulikuwa unakwenda kutafuta waganga. Aliyekaa na mama alikuwa Shangazi Minza. Alimpikia uji wa mtama, akamlisha kijiko kwa kijiko. Na siku ile ya kikao, baada ya mazishi, wazee walipouliza nani alikuwa anamlisha marehemu, mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Shangazi. Alikuwa anampa uji kila siku." Nilisema ukweli, lakini niliona namna watu walivyopokea ule ukweli, nikanyamaza. Ningeweza kuongeza kwamba na yeye alikuwa anakula uji wa chungu kile kile. Nilikuwa nalijua hilo. Sikulisema.

Wewe ulitoa vyombo vyake nje ukang'oa mlango wa nyumba yake. Mimi nilitoa maneno. Sioni tofauti kubwa. Alimaliza siku mbili chini ya ule mti wa mnyaa wa uani, hakuna aliyempa hata maji, mpaka binti yake akaja kumchukua kutoka Kahama. Na tulihesabu kwamba tumemfanyia wema kwa kuwa hakuna aliyemkata panga, kama walivyofanyiwa bibi wengine walioitwa wachawi huko kwetu.

Sikuandikii hivi ili nikuumize. Ulikuwa kijana uliyefiwa, na watu wazima wote walikuwa wanakutazama wewe uchukue hatua. Mimi nimelia kwa ajili ya mama, nimelia kwa ajili ya shangazi, na nimelia pia kwa ajili yako, maana najua umeubeba uchungu huu ukidhani unamlinda mama.

Shija tulipotoka nje alikaa kwenye ukuta mfupi wa hospitali. Kisha akasema, "Nilikunusa, Kabula. Nilikunusa kama mbwa." Nikamwambia nilimwona. Akaniomba radhi pale pale watu wakipita, kisha akarudi ndani mwenyewe kupimwa. Hana. Amechomwa sindano mbili za kinga, amebakiza moja. Watoto tuliwapandisha wiki iliyofuata. Wadogo wawili walichanjwa kliniki tangu wachanga, nao wako salama. Nilimwogopea Mabula, yule wa kwanza, kwa sababu nilimzaa njiani tukihama na ng'ombe, na sindano zake nyingi zilimpita. Jibu lake nilimwomba daktari alirudie mara mbili. Hana, kaka. Naye ameanza kuchanjwa.

Mimi nimepigwa picha ya tumbo. Ini limeumia lakini halijawa makovu. Nimepewa kidonge kimoja cha kumeza kila siku, na daktari alinieleza wazi kwamba hakifukuzi kirusi, kinakilaza tu, kwa hiyo nisiache hata nikijisikia mzima. Mizizi nimemwaga. Panadol simezi bila kuuliza. Yale mahindi tumeyafukia, hata kuku hatukuwapa. Nilipopima tena baada ya miezi miwili vile vimeng'enya vilikuwa vimeshuka, bado havijafika chini kabisa, lakini vimeshuka. Nalima tena. Natembea mpaka kanisani na kurudi. Mama mkwe hajasema chochote kuhusu pombe, ila kila asubuhi ananiletea maziwa yaliyochemshwa, nami nayapokea.

Sasa kaka yangu, nakuomba. Nenda hospitali ya wilaya, siyo duka la dawa. Waambie hivi: dada yangu wa tumbo moja ana homa ya ini B, nataka nipimwe kirusi na ini. Watakuelewa. Inawezekana ukapimwa ukakutwa huna, ikawa ni kitu kingine kabisa, na hilo litakuwa jambo la kushukuru. Lakini upime. Mizizi ya yule mganga iache leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Usikubali tena akuchanje, ule wembe umepita kwa wangapi? Gongo ya jioni iache pia. Wifi na watoto wapimwe na wachanjwe, na msichangie nyembe wala miswaki. Mwambie wifi asiogope kula nawe, kusalimiana wala kulala chumba kimoja. Kirusi hiki hakiendi kwa sahani.

Limebaki moja. Wiki iliyopita nilipata namba ya binti wa Shangazi Minza. Nilipiga mchana, nikiwa peke yangu ukingoni mwa shamba. Akampa simu mama yake. Sauti yake imekuwa ndogo. Nikasema, "Shikamoo shangazi, ni Kabula." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani na yeye amekata. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Kirusi, mama, kikao, uji. Nikamwambia nilijua alikuwa anakula chungu kile kile. Nikaomba msamaha nikilia vibaya sana, naomba mwalimu asisome hapa. Yeye hakulia. Aliniacha nikamaliza. Kisha hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza, "Masanja amepimwa?"

Nikasema bado, na hataki kunisikiliza.

Akasema, "Nilimbeba mgongoni huyo. Mwambie akapime kwanza. Ya mimi na yeye yana nafasi yake, lakini awe mzima."

Hayo ndiyo maneno yake kaka, sikuongeza wala kupunguza. Nimekuandikia namba yake nyuma ya karatasi hii. Sikuambii umpigie lini.

Nisalimie wifi, mwambie nashukuru kwa kuniambia ukweli kuhusu hali yako, na usimgombeze kwa hilo. Nisalimie baba mdogo, na mjomba fundi baiskeli, na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba. Wabusu wanao wote, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona. Shija anakusalimu sana, anasema mkipimwa mkakutwa na tatizo, uje huku ukae nasi, Mama Rukia ana kitanda na daktari tunamjua.

Mwalimu atakaa kwao mpaka shule zifunguliwe. Mpe karatasi ya majibu yako aniletee.

Mimi mdogo wako, wa tumbo moja,

Kabula